Waya wa Kengele

Siku ya tatu niko Blaenau, mvua haijakata,
na mtandao wa mama unakufa kila simu ikilia.
Taa ya modemu inageuka nyekundu, inakonyeza,
inarudi kama mtu aliyeomba radhi, inakufa tena.

"Ni mvua," asema mama. Jana walikuwa kondoo
waliojikuna kwenye nguzo. Juzi, mikrowevu ya Tegwen.
Kijana wa kampuni, anayeongea kama anasoma karatasi,
ameniambia mara nne nizime, nihesabu thelathini, niwashe.
Nimezima. Nimehesabu. Kwa Kiwelisi, kwa Kiingereza,
mara ya nne kwa matusi.

Nikachukua bisibisi ya baba.
Soketi mama imejificha nyuma ya kabati la vyombo.
Skrubu mbili, nusu ya chini ikatoka,
na ndani, kama jino lililobaki chini ya ufizi,
tundu la pili, ambalo sikuwahi kulijua.
Nikachomeka modemu humo, peke yake,
nyumba nzima ikiwa imeachwa nje.
Megabiti saba.
Asubuhi ilikuwa moja na robo.

Basi si mvua. Kondoo nao hawana hatia.
Kikulacho ki ukutani mwako.

Nikaufuata waya kwa magoti na tochi,
chini ya zulia, kando ya ngazi, ndani ya vumbi la miaka arobaini.
Baba aliitoboa nyumba hii kila pembe:
soketi jikoni, soketi kitandani,
soketi chooni (hiyo mama hakumsamehe),
na ya mwisho, kupitia fremu ya dirisha,
mita ishirini za waya wa bei ya kutupa
hadi banda la njiwa, alikotundika kengele
kubwa kama sahani ya supu.

Masikio yake aliyaacha machimboni, kwenye baruti.
Mimi nilikuwa Aberdeen, nikijifunza uuguzi,
na Jumapili, saa kumi na mbili jioni, nilipiga,
sarafu zimepangwa juu ya kidude cha simu.
Hakutaka kuikosa. Ni hivyo tu.

Namba mbili na namba tano hubeba maneno.
Namba tatu, waya wa rangi ya chungwa, hubeba mlio tu.
Hauna mwenzake wa kujisokota naye;
umetambaa nyumba nzima mpweke, masikio wazi,
ukidaka friji, pikipiki za bondeni, redio za mbali za usiku,
na uchafu wote huo ukiumwaga kwenye mtandao.
Simu za sasa haziuhitaji. Zina mlio wao tumboni.

Sikuukata.
Niliuchomoa kwenye meno yaliyoubana, nikaukunja,
nikauviringisha utepe mweusi, nikaurudisha ukutani,
nikakaza skrubu zote mbili.

"Na ya bandani?"
"Haitalia."
Mama akafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu.
"Njiwa niliwauza wiki ile ile," akasema,
akaketi na tableti yake. Na dada yake, kule Trelew,
ambaye miezi yote hii hakuwa na kidevu,
akatokea uso mzima, akicheka, bila kuganda.
"Umezeeka!" mama akamwambia.

Jumapili, nikirudi, nilisimamisha gari Bala
nikapiga saa kumi na mbili kamili.
Nilihesabu milio: tisa, kumi, kumi na moja.
Nikaanza kuwaza ngazi, sabuni, sakafu.
Wa kumi na nne akapokea, anahema;
nilisikia viatu vyake vikibubujika maji.

"Nilikuwa bandani," alisema.
"Umesema kweli. Haikulia."