Kipekuzi

Betri za kipekuzi zilikufa Jumanne ya pili ya Ramadhani.
Nikamwambia Mulwa, msimamizi. Akasema,
"We endelea kukipitisha. Wateja hawaangalii taa,
wanaangalia mkono."

Nikaendelea.
Kwapa, kiuno, ugoko.
Kwapa, kiuno, ugoko.
Kifimbo kimya kama mgeni asiyejua lugha ya nyumba,
na watu wakaingia dukani nyuso zimelegea,
wamepona.

Toka mlangoni naiona barabara ya Malindi.
Hapa Bombolulu palikuwa na kivuko; rangi imeliwa na matairi.
Malori ya saruji yanashuka kama yanayodai deni,
bodaboda zinachomoka upande usio wao,
na kati ya hayo mama mmoja, mwana mgongoni,
anakimbia na kandambili moja mkononi,
anacheka: kavuka!
Anafika kwangu akihema.
Anatanua mikono nimkague bomu.

Simcheki. Mimi huvuka papo hapo
kila siku, alfajiri na usiku.

Mlango huu, huu mwaka wa sita.
Nilivyovikuta: kisu cha kumenyea machungwa,
nyundo ya fundi msahaulifu, hirizi,
meno ya bandia yaliyofungwa kwenye kitambaa.
Na niliowaona wakifunikwa kando ya lami ile
ni wanne. Wa tatu nilimjua, Kadzo wa mihogo.
Leso iliyomfunika ilikuwa yangu.
Sikuirudia.
Hakuna aliyekuja na kamera.
Jioni mihogo ikauzwa pale pale, na mwingine.

Kisha ile Alhamisi zikaja habari.
Si hapa. Mji mwingine,
mwendo wa basi usiku kucha.
Ilipofika adhuhuri kila simu ilikuwa na picha ile ile,
kiatu kimoja na moshi.
Mama mkwe akanipigia kutoka Rabai:
"Acha kazi hiyo, mwanangu, watakuua."
Mwaka jana maji ya mkokoteni yalimlaza Mbeyu wangu
siku kumi na moja, homa ya matumbo.
Yale maji hakunipigia.

Sisemi hofu ni uongo.
Aliyekufa kwa bomu amekufa,
na mamake hana haja na hesabu yangu.

Alasiri akaja Twahiri, fundi redio wa ng'ambo ya pili,
kanzu, ndevu, mkoba wa kazi.
Kila siku huja kununua tende na kunitania.
Leo foleni nyuma yake ikarudi hatua.
Moja tu. Lakini wote pamoja.

"Fungua mkoba," nikasema,
na sauti haikuwa yangu.
Nyaya. Koleo.
Saa ya ukutani iliyopasuliwa kifua.
Mtu nyuma akaita jina la Mungu.
Na mimi, mwenye hesabu zangu zote,
magoti yakanilegea.
Nazijua hesabu. Moyo haukusoma.

Twahiri akakitazama kifimbo, akanong'ona,
"Dada, hiki hakina betri."
"Najua."
Akaigeukia foleni, akanigeukia mimi.
"Basi pitisha tena. Polepole. Waone."

Nikapitisha mara tatu.
Mikono yake hewani, macho yake kwenye dari,
mate ya saumu akiyameza.

Kesho yake akaniletea betri mbili, hakutaka pesa.
Kipekuzi kikafufuka na kelele zake:
kikalilia funguo, kikalilia sarafu,
kikalilia sidiria ya bibi wa watu,
na kwa kila mlio foleni nzima ikaruka.
Saa nne nikazitoa.

Sasa zimo kwenye tochi yangu.
Saa moja usiku nikitoka zamu nasimama ukingoni mwa lami,
naiinua juu ya kichwa,
naitikisa,
malori yanione.