Sehemu ya Kumi na Moja

Jumapili, saa tatu kasorobo usiku, Pasua.
Uniti zimebaki sifuri nukta nne
na mita ya LUKU ukutani imeanza kulia
kama kifaranga kilichokanyagwa.
Nazima taa ya nje. Nachomoa friji;
nyama ya mama itajijua.
Umeme wote uliobaki nyumba hii
ni wa Inspekta Naserian.

Baba amevuta kiti chake cha kamba
mpaka magoti yanagusa meza ya televisheni.
Koplo mstaafu, miaka ishirini na tisa kazini,
hawezi kutazama kimya:
"Bastola haishikwi hivyo."
"Kofia ile si ya cheo chake."
"Kituo gani hicho chenye karatasi za kutosha?"
Mama: "Anaeli, waache watu waigize."

Leo lakini hata yeye amebana pumzi.
Naserian yumo stoo ya vielelezo, tochi mdomoni,
anafunua rejista: magunia arobaini yaliingia,
kumi na mawili yakachomwa mbele ya waandishi,
yaliyosalia yameyeyuka
kuliko theluji ya Kibo.
Nje, viatu.
Mlango unalia kiii.
Mama amenikamata mkono, kucha zote tano,
nami nampigia kelele mtu asiyenisikia:
dirishani, dada, pitia dirishani!

Anaingia Afande Lutengano.
Yule aliyemfundisha kuandika maelezo,
aliyempelekea uji hospitalini sehemu ya nne.
Tunashusha pumzi. Huyu ni wetu.
Naserian, bado anatetemeka, anaipiga ile namba isiyo na jina,
ile iliyotoa amri zote tangu mwanzo,
na simu inaita

mfukoni mwa Lutengano.

"Yesu wangu!" mama anaruka.
Upande wa pili wa ukuta Mama Ndeonansia
anapiga yowe lilelile, sekunde mbili nyuma yetu;
king'amuzi chake huchelewa.

Baba hakupiga yowe.

Yeye alibaki nyuma, kwenye kipande kifupi
ambacho mama alikitumia kwenda kugeuza ndizi jikoni:
konstebo mgeni, shingo nyembamba ndani ya kola,
anasukumiwa rejista na kalamu juu yake.
*Tia sahihi hapa, kijana. Usisome.*
"Ndivyo wanavyosema," baba alinong'ona,
si kwangu, si kwa mtu.
"Usisome."

Na huyu baba husoma kila kitu.
Karatasi ya vidonge vya presha, mpaka mji kilipo kiwanda.
Kadi ya mchango, majina ya wanakamati wote.
Gazeti lililofungia maandazi, lenye mafuta, analielekeza juani.
Darasa la tatu, bado tuko kota,
alinirudisha kwenye swali mara sita:
soma mpaka nukta, ndipo ushike kalamu.

Mwaka uliofuata tulihamia hapa.
Mabati yalikuwa mapya, yaling'aa mpaka macho yakauma.
Sikuuliza yametoka wapi.
Mvua ilikuwa inanyesha,
na sisi tulikuwa wakavu.

Lutengano amefungua mdomo aseme
na giza likaingia, pu!
Mita imenyamaza.
Kwa jirani sauti inaendelea, mumunyemumunye,
sishiki hata neno.

Nimengoja baba alaani TANESCO.
Badala yake, kutoka kwenye kiti cha kamba:
"Yule mtoto wa kalamu.
Wiki ijayo, mnadhani atasema?"
Mama, ambaye hakosi jibu hata la jambo asilolijua,
aliendelea kutafuta kiberiti.

Nikanunua uniti kwa simu, nikampa aishike.
Nikapanda stuli, vidole kwenye vitufe vya mita,
naye akanisomea zile tarakimu ishirini
moja, moja,
taratibu,
bila kuruka hata sifuri.