Utenzi wa Breki

Sianzi kwa kusifia
gari nililonunua;
ni kuukuu, najua,
samawati ya zamani.

Milango yafungwa kamba,
honi yake hujigamba,
lapakia mbao, pumba
na mahindi ya sokoni.

Bwana Famau kaita:
ana boti ya kuvuta,
rangi mpya inameta,
ishushwe kule Ngomeni.

"Ngowa, kazi ni nyepesi:
rudi nyuma, si kwa kasi,
boti ielee basi,
pesa zako mkononi."

Nikarudi polepole,
watoto na makelele:
"Njoo vile! Njoo vile!"
hadi tairi majini.

Boti haikuelea.
Famau akakemea:
"Ngowa, mbona wachelea?
Zidi tu, ingia ndani!"

Nikazidi. Zikazama
dramu mbili zilo nyuma,
zikanywa, zikatuama,
chumvi hadi mifupani.

Mara boti ikachupa.
Famau akanilipa
nusu; nusu akaapa
nitaipata jioni.

Pale njiani yu Sidi,
auza maji baridi,
matamu, si ya ahadi:
dumu moja ishirini.

"Osha," asema, "upate
kuitoa chumvi yote,
mwaga mpaka zitote."
Nikacheka kimoyoni.

Ishirini kwa kuosha?
Bahari imeshatosha!
Gari nikaliendesha,
muziki u sikioni.

Menza, utingo wa gari,
akasema, "Kwa hadhari,
nasikia kama njiri
akoroma uvunguni."

Gongoni si pa mlima,
ni mteremko mwema,
baiskeli husimama
kwa kiatu mchangani.

Mbele wakatoka mbuzi
watatu, hawana kazi.
Nikakanyaga: pumzi,
sufi tupu mguuni.

Nikakanyaga ya pili,
ya tatu, jasho kamili;
handibreki ni kejeli,
waya wake mikononi.

Menza sasa akalia:
"Mbuzi, mama, pisha njia!
Hili halitatulia!
Breki hazina imani!"

Kulia, ua wa watu;
kushoto, mlima wetu
mweupe kuliko kitu,
chumvi toka kiwandani.

Nikakunja. Gari lote
likatumbukia; pote
chumvi, ulimi na mate,
kisha kimya, na amani.

Chumvi maji ikaponza,
chumvi kavu ikatunza.
Menza akacheka kwanza,
kisha kulia chumvini.

Karani kaja na rula,
akapima nilokula:
gunia tano kwa hela,
kaandika kitabuni.

Malindi, Kisumu Ndogo,
fundi Kahindi, kwa zogo,
kapiga dramu kwa gogo:
kutu yamwagika chini.

Liningi imetepeta,
mkate uliotota;
silinda zimejikita,
hazisogei pembeni.

"Uliosha?" akasema.
Nikakuna kichwa nyuma,
kimya, nikahisi homa.
Sidi akaja kichwani.

"Chumvi haigongi hodi,
haina lake kusudi,
hula kidogo, hurudi
hata gari li nyumbani."

Silinda mbili, liningi,
waya mpya, vingi vingi,
zikenda zote shilingi,
deni liko mlangoni.

Famau na nusu yake
asema, "Siku ifike."
Mwezi sasa, na nicheke?
Yeye yuko baharini.

Sasa huko nikitoka
kwa Sidi chini nashuka;
dumu nne anaweka,
hasemi neno, haneni.

Nainama, namwagia,
dramu zasikika: "Tia!"
Maji tamu yaingia,
yatiririka vumbini.

Tone nalipa ulimi:
bado ni chumvi. Sikomi.
Naita, "Sidi, ni mimi,
leta tena, ishirini."