Kamba ya Nguo

Mtaa wetu waitwa Mierezi. Hapana mwerezi.
Pana changarawe ya rangi ya kutu,
pana ziwa la kuchimbwa lenye bata wanne
na kibao: usiogelee, usivue, usilishe.
Nyumba zote ni za rangi tatu, kamati ilizichagua,
na Mlebinge, akirudi kazini usiku,
mara mbili amebofya rimoti mbele ya gereji ya watu.

Phoenix iko nyuma ya mlima, mwanga tu.

Juni. Saa tano asubuhi usukani unaunguza viganja.
Nikafunga kamba uani, nikaanika mashuka.
Hata chai sijamaliza, yamekauka kau.

Barua ikaja siku ya nne. Dola hamsini.
Kifungu cha saba: nguo zisionekane.
Niliisoma mara tatu nikitafuta mtu ndani yake.
Jua lote hili, jua la bure,
nasi twalipia umeme
tupate kijua kidogo ndani ya sanduku.

Nikaishusha kamba chini ya kimo cha uzio.
Nikawa naanika usiku,
maana hapa usiku nao una homa.

Saa sita, geti la uani likagongwa.
Darlene Pruitt, wa nyumba ya pili, wa kamati,
sahihi yake naijua kwa mkia wake mrefu,
kakumbatia beseni: mfarishi wa mama yake, umelowa.
"Mashine itauchana," akanong'ona.

Nikampa vibanio sita.
Hatukuwasha taa.

Dola hamsini sikumdai.
Bado nazihesabu.