Hatua ya Taruma

Kamwenge. Wameweka kibao
pale ilipokuwa ishara ya kusimamisha treni:
NJIA YA WAENDA KWA MIGUU NA BAISKELI.
Ng'ombe hawakutajwa. Ng'ombe wamekuja.

Baba yangu, Rwakaikara, alikuwa mkaguzi wa reli.
Maili tatu kwenda, maili tatu kurudi,
nyundo begani, spana kiunoni,
akigonga bolti moja moja na kutega sikio.
Iliyolegea aliikaza. Iliyokatika aliiandika daftarini.
Alilipwa kutembea. Hilo nataka lieleweke.

Mataruma hayakupangwa kwa mguu wa binadamu:
ukikanyaga kila moja unajikwaa,
ukiruka moja unapasuka msamba.
Miaka ishirini na minne ilimpa mwendo wake,
mwendo wa mtu aliyebeba uji uliojaa pomoni.
Akaja nao nyumbani, akaenda nao kanisani,
hata siku ya harusi ya dada mama akamcheka:
"Ateenyi, hapa ni nyasi. Tanua miguu."

Kisha treni ikaacha kuja.
Haikuaga. Jumanne kimya, Alhamisi kimya,
naye akaendelea kugonga, bila mshahara,
mpaka muhogo ukachipua katikati ya reli
na usiku wakaanza kuja wauza vyuma chakavu.
Aliwasikia akiwa kitandani.
"Huyo anafungua kinyume," alisema gizani,
"ataumia mkono."
Akageukia ukutani.

Sasa wamemwaga changarawe nyekundu, wameshindilia.
Kabahenda alilipwa fidia ya muhogo,
matuta mawili kati ya manne.
Jumapili wanakuja kutoka Kampala, kofia ngumu kichwani,
wanatembea ili watembee,
wanapiga picha daraja ambalo baba
alilipaka rangi chini kwa chini, akining'inia kwa kamba.
Kijana mmoja, jasho likimtiririka, aliniuliza
njia hii inafika wapi.
Ulimini palikuwa na Kasese, na shaba, na mabehewa kumi na manane
ambayo niliyahesabu utotoni nikakosea kila mara.
Nikamwambia, "Inafika pale kwenye mkahawa,
halafu mnarudi."

Jioni, walipoondoka, nilivua kandambili.
Njia laini, pana, ya kutanua miguu nitakavyo.
Nikapiga hatua fupi. Nyingine fupi.
Ng'ombe wa Kabahenda akanitazama, akanipisha.