Kabati la Gugu

Kabati la zamani lilikufa kama mzoga wa ng'ombe:
lilivimba kwanza.
Ubao wa vumbi na gundi, nilioununua Rwagasore
ukiwa na kibandiko cha dhahabu,
uliotuwasha macho miezi mitatu,
ulikunywa masika moja tu
ukaachia bawaba. Sahani zikateremka, zikavunjika zote
isipokuwa ile iliyokuwa na ufa tayari.

Basi nikamwita Nyanjige, fundi, binti wa Igombe,
penseli sikioni, kidole kimoja kifupi.
Akaja na kipande kikubwa kama daftari la madeni,
rangi ya chai iliyopunjwa maziwa,
akakiweka mezani. "Kinuse."
Nikanusa. Hakikuwa na kitu.
Halafu kikawa nacho, kwa mbali:
ufukwe asubuhi, kamba iliyolowa.
"Gugumaji," akasema. "Na pumba za mpunga wa Magu.
Gundi ni muhogo. Tunaanika juu ya mawe,
mawe tunayo bure."

Gugumaji!
Mimi niliyelitukana mpaka mama yake!
Mwaka ule zulia la kijani lilipoziba gati ya Kamanga
na kivuko kikanasa, hatua mia mbili kutoka nchi kavu,
kikikoroma kama mgonjwa wa pumu,
mama yangu alikuwa ndani, akiletwa Bugando
na maji kwenye mapafu.
Nami nimesimama upande wa mjini namwona,
kitenge chake cha njano,
saa nne, saa tano, saa saba.
Alifika. Nisiseme uongo: alifika, akaishi miaka sita.
Lakini zile saa sijazisamehe.

Nikamwambia Nyanjige nitafikiri.
Usiku nikakizamisha kile kipande kwenye ndoo,
nikaweka jiwe juu kisitoe kichwa.
Alfajiri nikakitoa. Kona moja ilikuwa imetutumka
kama shavu la mtoto anayeficha andazi.
Kona moja tu.
Nikakitulia sufuria ya ugali ikitoka motoni;
kikabaki na duara, basi.
Aliporudi hakukasirika.
"Kona hiyo sikuipaka nta," akasema,
"nilitaka uione ilivyo."
Fundi anayekuonyesha aibu ya mali yake,
huyo mwachie ufunguo wa nyumba.

Mama Lushinge alichungulia dirishani:
"Wenzio wanaweka marumaru, wewe unajenga kwa majani.
Mbuzi akiingia?"
"Mbuzi akiingia atakula na sahani."
Akacheka. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza bei.

Siku nne za randa na msasa.
Milango sita. Ukiitazama kwa upande, saa kumi,
jua likirudi kutoka kwenye mawe ya Igogo,
unaziona nyuzi zimelaliana ovyo,
bua lililokatwa, kipande cha mzizi mweusi,
na mahali pamoja, mlango wa tatu, chini,
ua: zambarau iliyochakaa ikawa kahawia,
ambalo mashine ililisahau.
Nyanjige alitaka kuubadilisha mlango.
Nikamshika mkono.

Sasa dagaa wamo humo, na unga, na chumvi,
na karatasi za hospitali za mama
ambazo sijui nizitunze wapi pengine.
Mvua ikinyesha, milango hukaza.
Navuta mara mbili.
Kuna siku nasimama tu, mkono kwenye kishikizo,
mbele ya gugu lililonizuilia mama yangu
ambalo leo linanishikia vikombe vyake,
na ninalisuta taratibu, kama mtu wa ukoo:
fungua basi, we mshenzi, chai inapoa.