Utepe wa Upanga

Miaka thelathini na minne, Muriel,
na kwenye kigingi chako cha koti, kule Bungeni,
ulining'inia utepe wa rangi ya waridi
wa kutundikia upanga.
Upanga hukuwa nao.
Ulitundika mwavuli uliovunjika ubavu.

Mimi ndiye niliyekupeleka stesheni ya Harrowbeck
kila Jumatatu, treni ya saa kumi na mbili na robo,
mvua ikigonga paa la gari kama mdai wa kodi,
nawe ukila mkate mkavu, ukisoma barua za watu.

Jumamosi maktaba ikawa zahanati yako:
Bwana Pickup na ukuta wake unaotoka jasho,
Bi. Harbhajan na pasipoti ya mwanawe,
mjane aliyetaka tu kusimulia habari za paka.
Yote uliandika kwa penseli.
Wino, ulisema, hujifanya unaujua mwisho.

Uwaziri haukukujia.
Simu ikilia usiku, ni Bi. Cronshaw:
taa ya Mtaa wa Foundry imezimika tena.

Kisha ile kura ya kufunga kiwanda cha chuma.
Kengele ikalia: dakika nane za kuchagua mlango.
Mnadhimu wa chama alikusubiri ukumbini,
tabasamu lake limepigwa pasi.
Ukampita. Ukaingia upande wa Hapana
viatu mkononi, maana sugu zilikuwa zinakuuma,
na wenzako wakatazama zulia.

Kiwanda kilifungwa hata hivyo.
Miaka sita hukualikwa kwenye kamati yoyote
isipokuwa ile ya vyakula vya kantini.

Halafu saa tisa usiku, ukumbi wa michezo,
chini ya goli la mpira wa kikapu,
ukashindwa kwa kura mia mbili na kumi na tatu.
Ulimpa kijana mkono. Uliniuliza
kama duka la chipsi bado liko wazi.
Lilikuwa limefungwa.

Wiki ya tatu taa ya Foundry ikawaka.
Barua kumi na tisa, zote zako,
na chini yake mbunge mpya akipigwa picha.
Nilikasirika kwa niaba yako, nikapiga honi.
Wewe ulishusha kioo,
ukaufuata mwanga mpaka ulipoangukia.

"Clifford," ukasema, "lile shimo barabarani,
lilikuwapo siku zote?"
Na mkono wako ukaanza kupapasa mkobani,
ukitafuta penseli.